Mishono ya Kivuko cha Kilwa

Kwa miaka kumi na minne Musonda Kalaba alikuwa akichomelea chuma mjini Lubumbashi, na kazi haikuwahi kumkosesha raha hadi mwaka 1975, karakana yao ilipopewa kuunda kivuko cha Ziwa Mweru. Kingebeba magari sita na abiria mia moja kutoka mji wa Kilwa, ufukweni mwa ziwa hilo, hadi visiwani. Kiliundwa kwa vipande saba ili vipakiwe kwenye malori na kuunganishwa kule ufukweni. Amri ilikuwa moja: tarehe 24 Novemba, sikukuu ya kukumbuka rais aliposhika utawala, wakubwa wa Chama, chama pekee nchini, wakute kivuko kinaelea.

Mvua za Oktoba zilipoanza, paa la stoo lilivuja na vijiti vya kuchomelea vikalowa. Mafundi waliambiwa waviweke juani kidogo, waendelee. Musonda alivitumia siku tatu kwenye kipande cha nne, upande wa chini utakaokaa ndani ya maji. Moto ulikuwa ukirukaruka na kutema cheche ovyo. Alijua kijiti chenye unyevu huacha vitundu kwenye mshono, pale chuma kinapoungana, lakini akaendelea kuchomelea.

Kuanzia hapo alirudisha sahani ikiwa bado imejaa. Mkewe, Adolphine, alimtazama akikandakanda tonge moja la bukari, ugali wa kwao, bila kulila.

"Baba Mwape, uko mugonjwa?"

"Hapana. Iko kazi tu."

"Kazi gani inakatalia muntu kula?"

Musonda akanawa mikono. Angemwambiaje kwamba kila akifumba macho anaona maji yakipanda polepole kati ya miguu ya watu?

Jumamosi moja wenzake wote walikwenda kufanya mazoezi ya nyimbo na ngoma za Chama. Musonda alisema tumbo linamuuma, akabaki. Alipaka chokaa nje ya mishono ya kipande cha nne, akaingia ndani na kuipaka mafuta ya taa, kisha akatoka kungoja. Mshono ukiwa mzima, chokaa hubaki nyeupe. Haikupita robo saa, doa la kwanza likajitokeza, dogo kama punje ya mtama. Likafuata la pili. Alipofika kumi na moja aliacha kuhesabu, akaketi sakafuni.

Jumatatu alimpeleka Numbi, mkuu wa karakana, kwenye kipande hicho, akamwonyesha madoa. Numbi alichungulia, kisha akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yao.

"Nani anajua?"

"Mi na we, chef," Musonda alimjibu mkubwa wake.

"Basi paka rangi. Malori inakuja siku ya tano."

"Chef, bantu batakufa mu maji."

"Citoyen Musonda," Numbi alisema, akimwita "raia" kwa Kifaransa kama Chama kilivyotaka, "unajua vile banaita muntu anachelewesha kazi ya Chama? Saboteur, muntu wa kuharibu kusudi. Na ile mishono ni mukono yako, hapana yangu!"

Musonda aligusa madoa yale kwa kidole. Ni kweli, ulikuwa mkono wake. "Andika vile, chef," alisema. "Andika kwamba nilifanya mubaya mi mwenyewe. Lakini tuikate, tuanze tena."

Numbi akaandika hivyo, akapeleka karatasi kwa mkurugenzi aliyekuwa juu yake. Watu wawili wasiojitambulisha walikuja kumchukua Musonda, wakamuuliza swali lilelile tangu asubuhi mpaka jioni: nani alimtuma? Walimwachia bila kumwambia kama yamekwisha. Wiki nzima Adolphine alishtuka kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba yao mtaani Katuba. Lakini kwa amri ya mkurugenzi vijiti vipya vilipatikana, mishono ikakatwa na kuchomelewa upya, na sikukuu ikapita bila kivuko. Numbi alihamishwa. Mkurugenzi alimwita Musonda na kumwambia neno moja tu: "Wewe unayeona sana, siku ya kwanza ya kivuko utakaa chini, ndani ya tumbo lake."

Ikawa hivyo. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, kule Kilwa, magari sita yalipanda, watu wakapanda wakiimba, na Musonda akashuka ngazi ya chuma akiwa na tochi. Mashine zilinguruma mpaka meno yake yakagongana. Safari nzima alitembea ameinama, akipapasa mshono mmoja baada ya mwingine kwa kiganja. Mara moja alikuta unyevu, akauonja. Ulikuwa na chumvi, si maji ya ziwa: jasho lake mwenyewe.

Kivuko kiligusa kisiwa kwa kishindo. Alisikia magari yakishuka juu ya kichwa chake, moja, mawili, mpaka la sita. Ndipo alipojaribu kupanda ngazi, miguu ikakataa. Akakaa pale pakavu, akalia, mpaka fundi wa mashine akaja kumshika mkono.