Samaki wa Bati Kwenye Matete ya Bahi

Jamani, ukweni Bahi sijui nitarudi na uso gani. Mama mkwe alinishauri kambale niwavue kwa minyoo. Mimi mjuaji wa mjini nikachagua kisamaki cha bati chenye ndoano.

Asubuhi ukungu ulifunika bwawa, hata vyura walinyamaza. Nikakirusha kwenye matete, nikavuta polepole kama nilivyoona kwenye simu. Kikanasa kitu kizito kisichopigana. Maji yakatulia, na kitu chekundu kikaja kinaelea, kimetanuka kama mtu aliyelala kifudifudi.

"Mungu wangu, niepushe na maiti huyu!" nikalia.

Kikafika miguuni. Kanga.

"Amina, baba," mama mkwe akaitikia kutoka kwenye matete. "Niliitundika nioge. Nitupie, na usitazame huku."