Kitunga Kilichorudi Kitupu

Mchezo ule wa zawadi niliuleta mimi nyumbani, na hadi leo sijatafuta mtu mwingine wa kulaumu. Nilikuwa nimeuona kwa masista walionifundisha. Kila mtu anachota karatasi yenye jina la mwenzake, anatafuta zawadi kwa siri, halafu siku yenyewe siri inafichuliwa na watu wanacheka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sina mume, nina ujuaji mwingi. Nikaona nyumba yetu ya Kadutu inahitaji kucheka.

Miaka ile ya Zaïre Noeli ilikuwa imefutwa kwenye orodha ya sikukuu. Ikiangukia siku ya kazi, papa, yaani baba yetu, alivaa abacost yake, lile koti lisilo na tai ambalo serikali ilitaka wanaume walivae, akateremka ofisini kama siku nyingine. Alikuwa nayo moja tu, na maman alikuwa ameigeuza kola mara mbili. Kwa hiyo sisi tulipanga kusherehekea Jumapili ya baada ya Noeli, mchana, watu wakitoka misa.

Wiki nne kabla tukachota karatasi kwenye kofia ya papa. Tulikuwa sita: papa, maman, mimi, shangazi yangu wa kijiji cha Miti, na rafiki ya papa wa ofisini pamoja na mke wake. Shangazi hakujua kusoma. Alichota karatasi yake, akampa mke wa yule rafiki amsomee, na jina lililoandikwa pale lilikuwa la mama huyohuyo. Tulicheka hadi papa akavua miwani kufuta machozi. Nilimwangalia nikajisemea kwamba mtu anayecheka hivi anaweza kusamehe.

Karatasi mbili sikuzitia kwenye kofia. Moja ilikuwa ya mdogo wangu, niliyojiwekea mwenyewe. Nyingine ilikuwa ya papa, na hiyo niliituma kwa dereva wa lori hadi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mwenga, alikokuwa mdogo wangu. Niliandika nyuma yake: uje na zawadi.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye. Alipoingia seminari papa aliitangazia parokia nzima, akachinja mbuzi ambaye hatukuwa na uwezo wa kumchinja. Alipotoka, bila kufukuzwa, kwa kusema tu kwamba wito hana, papa hakumpiga wala hakumtukana. Alinyamaza. Tangu hapo mtu akimuuliza habari za watoto, alijibu: "Niko na mutoto moya, mwanamuke." Miaka mitatu nilisikia jibu hilo nikiwa nimesimama kando yake, na sikumsahihisha.

Jumapili ile mvua ilikuwa imekatika saa nne, njia yetu ikawa matope matupu. Mdogo wangu alipitia nyuma, mlango wa jikoni, amekonda, kucha zake zina udongo mwekundu usiotoka kwa sabuni. Kwapani alikuwa na kitunga kipya kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. Maman alimshika uso kwa mikono miwili.

"Yaya," akaniambia mimi, kwa kuwa ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "nilichoka na ile mashimo. Juzi moya ilifunika batu bawili. Papa akinipokea, sirudi tena kule. Hata kama ni kufagia ofisi yake, nitafagia."

"Na asipokupokea?"

"Basi nitarudi. Niende wapi ingine?"

Nilimshika mkono nikamwingiza sebuleni. Nilijiona mwerevu sana.

Papa alimwona, akarudisha macho kwenye sahani yake. Shangazi alipiga vigelegele vya nusu, akaviacha. Rafiki ya papa akasogeza kiti, mdogo wangu akakaa ukingoni mwake kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nikaanza mchezo haraka haraka, nikisema kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa. Shangazi alipata nusu kilo ya sukari. Maman alipata kitambaa cha kichwa. Rafiki ya papa alipata kopo la sardini, akalibusu. Mdogo wangu nilimpa soksi za sufu nilizofuma mwenyewe. Akazitia mfukoni, akanishukuru, lakini macho yake yalikuwa kwa papa.

Ikafika zamu yake ya kutoa. Alisimama, akaweka kitunga magotini mwa papa kwa mikono miwili. Papa akaondoa majani. Ndani kulikuwa na abacost mpya ya kijivu, kitambaa kizito, vifungo vimeshonwa vizuri. Mke wa rafiki akapumua kwa nguvu. Papa aliipapasa kola kwa kidole, kola ambayo hakuna aliyewahi kuigeuza. Alipapasa muda mrefu, na mimi nilikwisha kuanza kutabasamu.

Kisha akaikunja kwa uangalifu, akaiweka kwenye kiti cha pembeni, akasema: "Aksanti, citoyen."

Neno hilo, yaani raia, tulilisikia ofisini na kwenye vizuizi vya wanajeshi. Hakuna baba aliyemwita hivyo mtoto wake ndani ya nyumba yake. Mdogo wangu aliinamisha kichwa.

Shangazi hakuvumilia. "We kaka yangu, mutoto akikunyea ku mukono, unakata mukono?"

 Papa alinipa mimi kile kitunga. "Umurudishie kitunga yake. Iko vile tu. Usiweke kitu."

Hapo nieleze kwa mtu asiye wa kwetu. Kwetu kitunga cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa maharagwe, unamtilia mwenyewe kiazi kimoja, au chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani. Si malipo. Ni kumwambia njia iko wazi, rudi tena. Kumrudishia kitupu ni kusema mmemalizana, na nimewaona wazee wakitia hata ndizi moja mbovu kwa mtu ambaye wote tulijua aliwaibia kuku. Mdogo wangu alisikia agizo lile. Akaaga watu wote kwa heshima, mmoja mmoja, akatoka kunisubiri njiani.

Mimi nikapita jikoni. Maman alikuwa ameshaepua sufuria, viazi vitamu vinatoa mvuke, na viwili alikuwa navyo mkononi vinamuunguza. Alinyoosha mkono kwenye kitunga. Nikakivuta.

"Papa amesema," nikamwambia.

Maman aliniangalia. Akavirudisha viazi kwenye sufuria, akafunika.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikivuta. Papa alikuwa sebuleni, asingeona. Mdogo wangu asingejua kiazi kimetoka kwa nani, angedhani papa amegeuza moyo, na hilo tu ndilo alilolifuata kutoka Mwenga. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira naye. Yeye aliondoka, mimi nikabaki na ukimya wa papa kila jioni mezani. Miaka mitatu nilikuwa mtoto peke yangu, mtiifu peke yangu, na ndani yangu kulikuwa na mtu mdogo mbaya aliyeona raha kutii mara moja zaidi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilimkuta kwenye mteremko. Alipokea kitunga, akaingiza mkono, akapapasa chini, akapapasa na pembeni.

"Hata jani?"

"Hata jani."

"Ni yeye njo alisema?"

"Njo yeye."

"Sawa, yaya." Akakitia kitunga mkononi kama mwanamke anayekwenda sokoni, akateremka akiangalia asiteleze. Kesho yake alipanda lori la kurudi Mwenga.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa kali. Dereva yuleyule aliyebeba karatasi yangu ndiye aliyetuletea habari. Shimo lilikuwa limejifunika na watu ndani, mdogo wangu akiwa mmoja wao, na hawakufukuliwa, kwa kuwa udongo uliendelea kuteremka. Maman alikaa chini sakafuni. Papa alimshukuru dereva, akamtolea kiti. Kesho yake alikwenda ofisini akiwa na abacost yake ya zamani. Ile ya kijivu ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chao, imefunikwa kwa shuka. Maman alikufa bila kuniuliza kitu, na bila kumwambia papa juu ya vile viazi.

Miaka mingi ikapita. Papa alistaafu, macho yakamfifia, nikawa namwogesha na kumkatia nyama. Siku moja asubuhi nilikuwa namenya viazi karibu na kiti chake, akasikiliza kisu kwa muda.

"Ile siku ya zawadi," akasema, "mu kitunga ya mudogo wako ulitia nini?"

Kisu kilisimama. "Papa, ulisema nisitie kitu."

"Nilisema. Batu balikuwa banasikia. Ningesema nini ingine?" Akatafuta goti langu kwa mkono. "Lakini nilikutuma wewe. Sikumurudishia mwenyewe. Nilijua wewe na mama yako hamuwezi acha kitunga itoke bule, bila kitu, mu nyumba yangu. Kila siku nilikuwa nangoya arudi. Ulitia nini?"

Alikuwa ameugeuza uso wote kwangu. Kwa miaka yote ile nilimchukia kidogo kwa agizo lile, na yeye miaka yote ile alikuwa ameniamini kwamba sikulitii.

"Viazi, papa," nikasema. "Viwili. Bilikuwa bingali moto."

"Alibiona?"

"Alibiona. Alicheka."

Akaitikia kwa kichwa, akaegemea kiti. Niliendelea kumenya, na sikuona ninachomenya.

Jumapili iliyofuata aliniomba nimletee "abacost ya mutoto wangu". Wakati huo hakuna aliyezivaa tena, wanaume walikuwa wamerudia tai zao, na nilijua vijana wa njiani wangemcheka. Nilikung'uta vumbi. Koti lilikuwa limekatwa kwa mwili wake wa zamani, sasa lilimzidi mabegani na mikono ilifunika vidole. Nikamfunga vifungo kimoja kimoja, nikamshika mkono, tukateremka kwenda misa.