Upande wa Kushoto wa Dashibodi

Watu wakiniuliza ni kazi gani ya useremala iliyopata kunishinda, huwa nawatajia kabati moja la kanisa ambalo milango yake haikufunga vizuri hata siku moja. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini kazi inayoniuma haikuwa kabati. Ilikuwa ubao wa mninga wenye urefu wa mkono wangu, niliotoboa matundu sita ya duara, na kila tundu lilikaa sawasawa.

Ilikuwa Iringa, katikati ya miaka ya hamsini. Mimi ni mtu wa Uyole, kule Mbeya. Nilijifunza useremala misheni, nikaja Iringa kutafuta kazi, nikaoa Kalenga, nikabaki. Mwajiri wangu alikuwa mzungu mkulima wa tumbaku, mjane, mtu wa umri wa baba yangu. Wakati wa vita alirusha ndege, na tangu vita viishe hakuona raha ya kutembea chini kama sisi wengine. Mwishowe akaamua kujitengenezea ndege yake mwenyewe. Michoro ilikuja kwa posta, injini ikaja ndani ya kreti, na mbao na kitambaa cha mabawa tukavishughulikia wenyewe katika banda la kukaushia tumbaku. Wafanyakazi wenzangu walisema bwana amechanganyikiwa na mimi nimeambukizwa. Sikuwajali. Mimi ni mtu wa majivuno, sifichi, na hapakuwa na seremala mwingine Iringa nzima aliyekuwa akichonga mbavu za bawa.

Tena kulikuwa na ahadi. Ndege ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Bwana alisema safari yake ya kwanza ya mbali itakuwa Mbeya, na kwamba kile kiti cha nyuma ni changu. Nikamwandikia mama barua, mwinjilisti wao akamsomea, na kabla wiki haijaisha Uyole yote ilijua kwamba mwanawe atarudi nyumbani kwa njia ya juu. Baada ya hapo nisingeweza tena kufika kwa lori la viazi.

Dashibodi tuliiacha mwisho. Mninga ukishautoboa pabaya umeharibika, kwa hiyo nilikata kwanza duara sita za boksi, kila moja kwa ukubwa wa saa yake: ya mwendo, ya mwinuko, ya mizunguko ya injini, mbili ndogo za oili, na dira. Bwana akaziandika namba kwa wino. Nikazibana kwa pini kwenye ubao, yeye akakaa kitini, akafumba macho, akayafumbua ghafla na kusoma. Alinieleza kwamba rubani hana muda wa kutafuta saa. Jicho likishuka, liikute pale pale.

Tulianza kwa kufuata mchoro, saa ya mwendo ikiwa kushoto. Akaniambia niisogeze kulia kidogo. Nikaisogeza. Akasema bado. Kesho yake ikawa zamu ya saa ya mwinuko, kesho kutwa dira, na kila mara neno lilikuwa lile lile, kulia kidogo. Nilianza kukereka, maana kila duara iliyohama iliisukuma jirani yake. Ndipo siku moja, nikiwa nimechuchumaa mbele yake na pini mdomoni, nikaona jinsi anavyosoma duara iliyobaki kushoto. Aligeuza shingo yote, kama kuku anayetazama punje.

Nilisimama kushoto kwake nikamnyooshea bisibisi aliyokuwa ameiomba. Hakuipokea. Akauliza iko wapi, na mimi nilikuwa nimeishika karibu na bega lake. Nikamtazama vizuri jicho lake la kushoto. Kulikuwa na ukungu mweupe katikati, na ukungu ule niliujua kwa sababu bibi yangu alikufa nao machoni.

Hapa ndipo ninapotaka nieleweke, ingawa sitaki kusamehewa. Kwetu, kijana hamwambii mtu wa umri wa baba yake kwamba mwili wake umeanza kumwacha. Bibi alipoanza kupofuka, hakuna mtu nyumbani aliyelitamka. Tulisogeza vigoda kutoka njiani. Mtungi wa maji tuliuhamishia pale mkono wake ulipoufikia. Akaishi hivyo miaka mingi na heshima yake, na sisi tukaona tumemtendea wema. Basi na mimi nikamfanyia bwana kama tulivyomfanyia bibi. Asubuhi iliyofuata niliwahi bandani kabla yake, nikachomoa pini zote na kuzipanga duara zote sita upande wa kulia, kwa ukaribu mzuri, kila moja chini ya jicho lake zima. Kushoto nikaacha ubao mtupu, nikachonga kishubaka cha kuwekea kiko.

Alipokaa akafumbua macho, alizisoma zote sita bila kugeuza shingo. Akasema, "Fundi, hii ndiyo." Nilifurahi kupita kiasi. Lakini bibi alikuwa akitembea uani kwake, na huyu alikuwa anakwenda angani. Nililijua hilo hata siku ile. Nilijitia hamnazo kwa sababu nilikitaka kile kiti cha nyuma.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu kwa kujisifu, nikidhani atanipongeza kwa akili. Aliacha kupepeta mahindi akaniangalia. "Kama huwezi kumwambia, basi usimsaidie kuficha," alisema. Nilimjibu kwamba mambo ya ndege hayajui. Akarudi kwenye ungo wake.

Kisha akaja mkaguzi wa serikali, kijana mwenye daftari. Aligonga kila ubavu wa bawa, akavuta kila waya, akasifu kazi. Alipofika kwenye dashibodi akasimama, akamuuliza bwana jambo kwa lugha yao. Bwana akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili kwa nini upande ule mtupu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila mkono wake ulikuwa umekishika kile kishubaka. Nikasema ubao una ufa ndani upande wa kushoto, hauhimili tundu. Mkaguzi aliugonga kwa kidole na kuitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mbao, akaandika. Ubao ule haukuwa na ufa wowote, niliuchagua mwenyewe. Bwana alinitazama, na kila mmoja wetu akajua kwamba mwenzake anajua. Huo ulikuwa wakati wa kusema, na ulipita tukinywa chai.

Akaanza kuirusha juu ya shamba, akizunguka na kutua kwenye mbuga pana isiyo na kitu. Mambo yalikwenda vizuri. Tukapanga siku ya Mbeya, nikamwandikia mama.

Asubuhi ya safari nilivaa koti langu la kanisani. Nilimkuta bwana akiizunguka ndege kuikagua. Kulikuwa na toroli lililoachwa karibu na ncha ya bawa la kushoto, akajigonga nalo goti, akalitukana, akaendelea. Nilikitazama kile kiti cha nyuma nilichokipigilia kwa mikono yangu, nikajua siwezi kukikalia.

Mtu mwenye moyo angesema bwana, usiende. Mimi nilisema mke wangu ameamka na homa kali.

Alisikitika kwa dhati, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Alifungua kisanduku chake cha safari, akatoa chupa ya kwinini, akanipa yote. Akaniambia nirudi nyumbani, atamsalimu mama kwa niaba yangu. Kitini kwangu akaweka mfuko wa sukari aliokuwa amemnunulia mama. Nilisimama na chupa mkononi nikaitazama ndege mpaka ikawa ndogo.

Habari zilifika kwa simu ya upepo jioni ile. Kwenye kiwanja cha Mbeya, wakati wa kutua, ndege iliegemea kushoto kidogo na bawa likagonga mkaratusi uliokuwa ukingoni. Mama alikuwepo. Alikuja toka Uyole na majirani na wanakwaya, wamevaa vizuri, na aliona kila kitu. Alimtafuta mwanawe katika mabaki yale mpaka askari wakamwondoa.

Niliondoka kwa lori siku iliyofuata, na njia ilikuwa mbaya, tukalala njiani. Mama aliponiona alinishika uso kwa mikono miwili, kisha akaniuliza kwa nini sikuwamo. Nikamwambia habari ya homa. Akamshukuru Mungu kwa homa ya mkwewe, akapiga magoti pale pale barabarani, na mimi nikapiga naye.

Bwana aliishi siku nne, nami nilimkuta hospitalini siku ya tatu. Alikuwa amefungwa bandeji kifuani na kichwani, na sauti yake ilikuwa ya chini. Niliketi upande wa kulia, upande aliouona. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yeye akatangulia.

"Saa zako zote nilizisoma, Fundi," alisema. "Mpaka chini kabisa. Mti ndio sikuuona."

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba nilijua, kwamba nilijua tangu siku za boksi na pini, kwamba kiti nilikikimbia. Alinyanyua kidole kidogo, kama anavyofanya mtu anayekumbuka jambo la maana zaidi.

"Mke wako," akasema. "Ile dawa ilimsaidia?"

Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti langu, haijafunguliwa. Nikamwambia ilimsaidia sana, Bwana, ameshapona.