Msiba Chini ya Mti wa Marekani

Mdogo wangu alizikwa Marekani, na sisi tulioko Kinyala tuliyatazama mazishi kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mtandao ulikatika kabla jeneza halijashushwa. Mama hakulia. Alisema hajui kulilia simu. Baba mdogo akataka tuanue matanga mapema, eti asiyekuwepo na lake halipo. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Tangu siku hiyo mama alibaki na swali moja: je, hakuacha mtoto huko? Mwanamume mzima, miaka yote ile, hata mmoja wa siri? Wenzake wa kule walisema hawajui. Mama akalitunza jibu hilo kama kuku anayeatamia yai, nami nikaogopa kumwambia ni yai viza.

Niliposikia kwamba upande wa Nkunga kuna shamba la zamani la miti mikubwa ya kigeni, nilimpeleka apunguze mawazo. Kutazama vilele tu kulimfanya mama aangushe kofia. Ya India na ya Australia hakuijali.

"Nionyeshe wa Malekani," alimwambia mlinzi, mwanamke wa makamo aliyevaa koti la mvua.

Ulikuwa mnene kuliko yote, gome jekundu, laini, linabonyea kwa kidole. Mama akausalimia, "Ugonile," kama anavyomsalimia jirani asubuhi. Nilitaka kucheka. Kisha akainama, akaanza kupekua majani makavu huku akilizunguka shina.

"Bibi, umeangusha kitu?" mlinzi akauliza.

"Natafuta watoto wake. Mti mkubwa namna hii, miche yake iko wapi?"

"Huu hauna, bibi. Mbegu zinadondoka kila mwaka, ila huku kwetu hazioti. Huu ukifa, ndiyo basi."

Mama akakaa chini kwenye unyevu, akaegemeza paji la uso kwenye gome. Akaanza kulia kilio cha msibani, kile cha kumwita marehemu na kumuuliza kwa nini. Alimwita mdogo wangu kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu tukiwa shule ya msingi.

"Kuna nini, dada?" mlinzi akaninong'oneza.

"Tumefiwa."

"Poleni jamani. Lini?"

"Leo," nikasema.

Akavua koti, akajifunga kanga kiunoni, akakaa chini pamoja nasi.