Kompyuta Miguuni pa Saraswati

Sulata Bera alianza kazi ya ukutubi katika kijiji cha Kanaidighi nywele zake zikiwa nyeusi tii. Wakati huo walikuwa watatu. Wenzake walistaafu, na hakuletwa mtu wa kushika nafasi zao. Sasa alifungua mlango mwenyewe, akafagia mwenyewe, na tangu mvua zilipokatika alikuwa akiingiza vitabu kwenye kompyuta, kimoja kimoja, kwa mtandao unaokuja na kuondoka kama homa ya vipindi. Amri ya wilaya ilikuwa fupi: kitabu ambacho hakitaingizwa kabla mfumo haujafungwa kitachukuliwa kuwa hakipo, na kitauzwa kama karatasi chakavu.

Riwaya na vitabu vya shule vilikwisha. Ilibaki rafu ya kijiji: vijitabu vya nyimbo, majarida yaliyochapwa kwa michango ya wakulima, tamthilia zilizochezwa mara moja tu baada ya mavuno. Havikuwa na nakala kwingine. Sulata aliviweka mwisho kwa mapenzi, kama mtoto anayesogeza mnofu ukingoni mwa sahani ili amalizie nao wali.

Ikafika sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Watoto walikuja maktaba na nguo za manjano, wakapanga vitabu na kalamu miguuni pa sanamu yake. Siku hiyo hakuna asomaye wala aandikaye. Vyombo vya elimu huwa vyake mpaka kesho yake asubuhi. Sulata naye aliibeba kompyuta ya maktaba, akaiweka katikati ya vitabu, akaitia alama ya rangi nyekundu na kuivika shada la maua.

"Hata hiyo nayo?" aliuliza Haripada Samanta, mwalimu mstaafu ambaye hakosi kusoma gazeti pale kila asubuhi.

"Imenitesa msimu mzima, Mwalimu. Leo ipumzike, na mimi nipumzike."

"Basi mwombe Mama Saraswati aiongezee mbio. Maana mwendo wake na wangu ni mmoja."

Adhuhuri, wali wa dengu ukigawiwa, simu ya Sulata iliita. Alikuwa Bwana Tirthankar wa ofisi ya wilaya.

"Dada Sulata, mbona rafu yako ya mwisho haijaingia? Mfumo unafungwa leo saa kumi na moja jioni."

"Leo? Si sikukuu? Nilijua mtasogeza mpaka kesho."

"Sikukuu, ndiyo. Hata mimi niko nyumbani na sahani mkononi. Lakini mfumo haujui sikukuu, dada. Unajifunga wenyewe."

"Huwezi kuniombea hata siku moja?"

"Nimwombe nani? Pale hakuna mtu wa kuombwa."

Sulata alisimama mbele ya sanamu. Alimkumbuka baba yake, ambaye barua ikifika siku kama hii aliiweka miguuni pa Mama bila kuifungua, hata kama imetoka kwa mwanawe aliye mbali. Kisha akapiga magoti, akagusisha paji la uso sakafuni, akainyanyua kompyuta.

Miko iliacha kugonga sufuria. "We Sulata, una akili kweli?" mama mmoja alisema kwa sauti ya chini. "Watoto wana mtihani mwezi ujao, na wewe unamuudhi Mama."

"Kosa ni langu, shemeji. Wao hawamo."

Haripada aliweka sahani yake chini, akatoka. Hilo lilimuuma Sulata kuliko maneno yote.

Alianza kazi peke yake. Majalada yalikuwa yamefifia. Kila moja alilisogeza dirishani alisome, kisha arudi kuandika. Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposikia kandambili mlangoni. Haripada alikuwa amerudi na miwani yake ya kusomea, ambayo siku hiyo huiacha nyumbani.

"Kusoma ni kosa, na kuandika ni kosa," alisema huku akivuta kiti. "Tugawane. Nitasoma, wewe uandike."

Alisoma majina kwa sauti ya darasani. Wengi walikuwa watu waliowajua wote wawili, na wengi walikuwa marehemu. Sulata aliandika bila kuinua kichwa mpaka saa kumi na moja, kioo kilipoganda, kikakataa kupokea zaidi.

Kijitabu kimoja kilikuwa bado chini ya kiganja cha mzee. Nyimbo za Gopinath, mdogo wake aliyekufa kijana. Sulata akaelewa kwamba muda wote huo mzee alikuwa akikisukuma chini ya fungu.

"Mwalimu, kwa nini hukunipa mapema?"

"Wale wengine hawana wa kuwapokea nyumbani. Huyu ana mimi."

Kesho yake asubuhi watu walikusanyika kufungua tena uandishi, kila mmoja kwa kuandika jina la Mama juu ya jani la mti wa beli. Sulata alisimama nyuma. Haripada akamfuata na kalamu ya tete.

"Mimi nilishaandika jana, Mwalimu."

"Na mimi nilishasoma. Shika."

Akaishika. Akaandika jina la Mama juu ya jani, herufi zikasomeka.

Tangu hapo kijitabu cha Gopinath huja maktaba kila asubuhi kwapani mwa Haripada, hushinda juu ya meza ya magazeti, na jioni hurudi naye. Sulata hajathubutu kuuliza mzee asipokuwepo kitaletwa na nani.