Sikio langu moja lilizima, kisha ngamia wa baba mkwe akapotea Gotu

Wakuu, habari za saa hii. Wenzangu wa salaam, salaam aleikum.

Nimesoma nyuzi za watu humu kwa muda mrefu bila kuchangia. Leo nimeleta yangu. Sijaongeza chumvi, na shahidi yupo, ni mzee wa Gotu. Hana simu ya intaneti ila ukifika huko utaonyeshwa kwake.

Mimi ni Mmeru, naishi Chechelesi hapa Isiolo. Kazi yangu ni kukodisha sound: spika, maiki, miksa na jenereta. Harusi, mazishi, krusedi, na tangu kaunti zije, mikutano ya siasa. MCA, yaani diwani wetu, akikohoa tu anataka spika nne.

Sasa, kabla sijaoa niliamka asubuhi moja baada ya homa nikakuta sikio la kushoto limezima. Halikuuma. Lilizima tu kama stima.

Nilingoja lirudi lenyewe. Halikurudi. Daktari wa masikio kule Meru akalipima, akasema limekufa, na kwamba ningekuja siku ileile wangejaribu dawa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia aliweka kalamu chini.

Wakuu, mimi nilidhani tumepewa masikio mawili ili moja likiharibika ubaki na spea. Sivyo.

Daktari alinieleza hivi. Sauti ikitoka kulia, inafika sikio la kulia kwanza, halafu la kushoto. Tofauti ni ndogo mno, wewe mwenyewe huwezi kuihisi. Tena ikifika kushoto imepungua, kwa sababu kichwa kimeikinga. Ubongo unalinganisha hizo habari mbili, unakuambia: iko kule.

Sikio ni maiki tu. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya kichwa.

Ukibaki na sikio moja, ubongo hauna cha kulinganisha. Ni kama mizani ya sahani moja. Sauti unaisikia vizuri kabisa, ila hujui imetoka wapi. Mtu akiniita sokoni nageukia kulia. Siku zote ni kulia. Kuna watu wameshasema naringa.

Nikaficha. Nani atakodi sound kwa mtu wa sikio moja? Aliyejua ni mke wangu tu, Akiru, Mturkana wa Gotu.

Niliyemficha zaidi ni babake, Mzee Ekai. Siku tulipoenda kujitambulisha wazee waliongea sana juu ya ukoo na elimu. Yeye aliuliza swali moja.

"Huyu kijana, akiitwa usiku, atasikia?"

Nikasema nitasikia. Hakuuliza kama nitajua nimeitwa kutoka upande gani.

Basi, mvua ikanyesha, msitu ukafunga majani. Mama mkwe akapiga simu: ngamia mwenye maziwa amepotea, pamoja na mtoto wake aliyezaliwa juzi tu.

Ndugu zake Akiru wote walikuwa mbali na mbuzi, upande wa Kipsing. Na walikuwa wameshaamua kwamba mzee akipoteza mnyama mwingine, ngamia wote wanauzwa na yeye analetwa mjini kwenye chumba cha kupanga. Akiru alilia. Alisema babake akifungiwa kwenye chumba cha mabati hatakaa sana duniani. Mwanaume mwingine wa kutuma hakuwepo, basi akanituma mimi. Sura aliyonituma nayo haikuwa ya matumaini.

Nilifika mchana. Mtoto wa ngamia hawezi kulala peke yake msituni, fisi wa huko hawana subira. Tulikuwa na muda hadi jua lizame.

Ngamia yule huvaa kengele ya mti shingoni. Kwenye msitu ule macho hayakusaidii, miiba imejaa kote. Unasikiliza kengele, unaifuata. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, wakuu.

Tukaanza kutembea. Nikajiweka kushoto kwa mzee, ili yeye awe upande wa sikio langu zima. Akanizunguka, akaja kushoto kwangu. Nikamzunguka. Akanizunguka tena.

Nikawaza labda ni mila, labda kwa Waturkana mkwe hatembei kushoto kwa mzee. Lakini nikimwachia upande huo simsikii vizuri. Kwa hiyo nikawa narudi polepole, kwa heshima. Tulienda hivyo msitu mzima, wanaume wawili tukizungukana kama majogoo.

Mara kengele ikalia. Ko, ko, ko.

Wakati huo tulikuwa tumetazamana. Mimi nikanyoosha mkono kulia kwangu. Yeye akanyoosha fimbo kulia kwake.

Tukafuata fimbo, kwa kuwa yeye ndiye mzee. Kengele ikafifia. Tukafuata mkono wangu. Huko nako ikafifia. Vivuli vya miti vikawa virefu, nikaanza kufikiria nitamwambia nini Akiru.

Mzee akasimama, akanitazama kichwa kizima.

"Wewe, hiyo sikio ya kushoto iko sawa?"

Niliona aibu, sitaficha. Nikamwambia lilikufa kabla sijaoa.

Akagonga sikio lake la kushoto kwa kidole. "Hii pia. Bunduki." Alikuwa polisi wa akiba miaka mingi, na bunduki ilikuwa ikilia karibu na sikio hilo.

Akaniuliza mbona nilimwambia nitasikia nikiitwa.

"Nasikia, mzee. Sijui tu ni wapi."

"Hata mimi," akasema.

Kumbe naye alidhani ile kuzunguka ni mila ya Wameru.

Sasa, kwenye kazi yangu spika ikianza kupiga filimbi, naitafuta kwa kugeuza kichwa polepole hadi sikio la kulia lishike sauti yote. Hapo najua iko upande huo. Mzee naye alikuwa akifanya hivyo kwa siri miaka yote. Shida ni kwamba mtu mmoja anapata upande tu, hajui ni mbali kiasi gani, na kila akipita kichaka anaanza upya.

Lakini sisi tulikuwa wawili.

Nikaokota fimbo na mimi, tukaachana, kila mmoja upande wake wa uwazi mdogo kati ya vichaka, bado tunaonana. Kila mtu akajigeuza taratibu hadi kengele ikawa na nguvu kabisa, akanyoosha fimbo kuelekea huko. Ngamia alipaswa kuwa pale fimbo mbili zinapokutana. Kuitana kungeifunika kengele, kwa hiyo tuliongea kwa mikono. Tukasogea, tukasimama, tukarudia.

Fimbo zikakutana kwenye kichaka kando ya lagga, ule mto wa mchanga. Ngamia alikuwa amesimama hapo. Mtoto wake alikuwa amenasa mguu kwenye mizizi, na mama amekataa kumwacha. Mzee akakata mizizi kwa panga. Mtoto akasimama, akaanguka, akasimama tena, akanyonya.

Nilikaa chini. Nikawatazama hadi mtoto akashiba.

Wanawe walipofika kutoka Kipsing, mzee aliwaambia mwenyewe, mbele ya wote, kwamba sikio lake moja limekufa na la mkwe pia. Wakatazamana. Mmoja akauliza basi ngamia alipatikanaje.

Mzee akasema, "Tuliunganisha."

Habari ya chumba cha kupanga haijatajwa tena. Kengele ikipotea, napigiwa simu mimi. Simu hiyo naiweka sikio la kulia, na najua inatoka wapi.

Nilichojifunza: sikio likizima ghafla, kimbia hospitali siku hiyohiyo, usingoje kama mimi. Na kuficha kulinichosha kuliko ukiziwi wenyewe. Wateja wangu sasa wanajua, na hakuna aliyeondoka.

Kama kuna mwingine humu wa sikio moja, semeni mnavyoishi. Wenye masikio mawili pia mnakaribishwa.

Na ukiniona Chechelesi ukaniita, nikageukia upande mwingine, usiende. Ita tena. Nakuja.