Dirisha la Tatu

Mtafiti huyu hatulii. Wiki ya pili sasa, mimi mfagizi wa zahanati namwona akihama benchi hadi benchi, akizungusha kalamu vidoleni, goti likimcheza. Wakubwa wamemleta achunguze kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu wanakatiza dawa. Leo karani akapaza sauti kama kawaida yake: "Wa kifua kikuu, dirisha la tatu!" Hakuna aliyeinuka. Akainuka mtafiti, mzima wa afya, akaenda dirishani huku macho yote yakimsindikiza. Aliporudi, mama aliyekuwa jirani yake akasogea mbali, akajifunika pua. Kalamu ikatulia.

"Dada," akaniuliza, "wagonjwa wakichukulia dawa mlango wa nyuma wa chumba cha dawa, hakuna atakayewaona. Ufunguo wake anao nani?"

"Mimi. Mwaka wa tisa huu, na wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."